Machozi Niliyoyatoa Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeadhirika. Na kwa kuwa Mtambile nzima imeshajua, bora mlisikie kwangu kabla halijatiwa chumvi.

Kazi yangu mnaijua. Nakusanya machozi. (Ndiyo, nimesoma miaka yote ile ili nije kukusanya machozi ya watu. Mama bado anawaambia majirani mimi ni daktari.) Kuna utafiti wa watu wenye presha ya macho, ile inayomla mtu uoni polepole bila maumivu, akija kushtuka jicho limekwenda. Kwenye machozi mna protini, na wakubwa wetu wanataka kujua kama protini hizo zinaweza kuutangaza ugonjwa mapema. Mimi natia kikaratasi chembamba ndani ya kope ya chini, kinanyonya unyevu, nakitia kwenye kichupa, basi. Sharti ni moja tu: mtu asilie. Machozi ya kulia ni maji mengi, protini zinapotelea humo, na maabara wanayatupa.

Hilo la kutolia ndilo linalonitesa. Ukimwambia mtu wa huku kwetu unataka machozi yake, anakuja amejiandaa. Juzi bibi mmoja alianza kumlilia marehemu mumewe kabla hajakaa kitini. Nilipomsihi anyamaze akanuna, akasema basi nisingemwita.

Sasa leo. Asubuhi, kabla ya kazi, nikamsaidia mama kuchambua karafuu mbichi, kuzitenga na makonyo, vile vijiti vyake. (Mtoto mwema mie.) Nikanawa mikono haraka haraka, nikakimbilia kituo cha afya. Nani amekaa benchi la mbele? Mzee Hamad wa Kengeja, baba yake Raya. Raya ambaye posa yangu iko kwao tangu mwezi uliopita, na jibu mpaka leo ni "tunaulizia". Wanaulizia nini, Mungu ndiye ajuaye.

Nikajiambia, riziki imekuja na miguu yake. Mzee ataniona nilivyo mtaalamu, na jioni jibu litafika nyumbani. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamweleza kazi yetu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kikaratasi chaingia jichoni?"

"Kwenye kope tu, Mzee. Hakiumi hata kidogo."

"Jicho moja lishakwenda, nimebaki na hili. Jitie weye kwanza, mie nione."

Benchi zima likamuunga mkono. Sasa, utaratibu unasema nivae glavu, na nilikuwa nimezivaa. Nikazivua, eti Mzee aone sina kificho. Nikaivuta kope kwa kidole. Kidole kile kile cha karafuu.

Moto. Jicho likajifunga lenyewe. Nikafanya ambalo msomi yeyote wa sayansi angelifanya: nikalipikicha. Kisha nikalipikicha na la pili, lisije likaona wivu. Macho yote mawili yakawa yanabubujika, pua nayo haikutaka kuachwa nyuma, nami nimeinama mbele ya baba mkwe na kikaratasi kimenigandia shavuni.

Kisha Bi Mkasi, jirani yao aliyemsindikiza Mzee, akasema kwa upole wa kusikika mpaka barabarani, "Masikini. Ni posa hiyo. Mwamtesa bure ntoto wa watu."

"Posa ya nani?" akauliza mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi. Akaelezwa. Waliokuwa nje nao wakaelezwa, wasije wakakosa.

Nikataka kusema ni karafuu. Ikatoka kwikwi. Kwikwi ile ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Mzee Hamad, ambaye Kengeja nzima wanamjua kwa ukali, akanyanyuka na kuniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito, na aibu niliyoiona sijapata kuiona.

"Nyamaza. Ntu mzima halii mbele za watu. Mie sikukukataa. Nilikuwa naulizia tu kama una huruma, maana ntoto wangu nampa mwenye huruma. Sasa nimeona, unayo mpaka yapindukia. Nke utampata. Haya, kanawe uso, uje unitie hicho kikaratasi."

Hapo muungwana angesema kweli. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kunawa.

Nikarudi na glavu mpya. Mzee akakaa wima, hakutoa hata tone la ziada. Machozi yake ndiyo safi kupita yote niliyokusanya leo.

"Na yako pia yatapelekwa?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Mtu akilia hayafai."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanipapasa tena bega.

Sijafika nyumbani, Raya ananitumia ujumbe: "Baba kakubali. Kasema umelia kituo kizima kikasikia. Wakiniuliza watu, mie sikujui mpaka siku ya harusi."

Kwa hiyo naomba asicheke mtu. Na Mzee akikuulizeni, nililia kwa mapenzi.