Mwavuli wa Roketi na Kitambaa cha Mama Fransis

Jumatatu, 8 Juni

Kikao cha sendofu kimefanyika sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, na mie nimekatazwa kuongea. Mwenyekiti ni Flaviana, binti yangu wa kumzaa. Anayeagwa ni mwanawe Yuliana, mjukuu wangu, mwalimu wa fizikia. Anaagwa Jumamosi hii. Jumamosi ijayo anaolewa na Fransis, kisha anahamia naye Newala. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo anayeibiwa hapa ni mie. Kamati haikunipa hata pole.

Nikanyoosha mkono hivyo hivyo. Nikatoa hoja: roketi.

Miaka mitatu sasa mie na Yuliana tunarusha roketi za karatasi kwenye uwanja wa shule yake hapa Bunju. Bomba ni lile gumu linalozungushiwa vitambaa madukani. Yeye anapiga hesabu. Mie, fundi redio mstaafu, natengeneza kinachovunjika, yaani kila kitu. Ndani tunaweka kamera ndogo kama kiberiti. Inapanda, inachukua video, inashuka na mwavuli. Ikikumbuka.

Nikasema nataka picha moja ya ukoo mzima kutoka juu, mke wangu akiwa katikati, kabla hajaondoka. Moja tu. Akishafika Newala nitarusha na nani, na paka?

Flaviana akasema picha za juu atapiga Brightson, bwana wa droni, amekodiwa tayari. Brightson alikuwepo, anatafuna maandazi yangu. Akasema mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo yako ni fataki yenye jicho. Kamati ikacheka. Katibu alicheka mpaka akaangusha kalamu.

Yuliana akanitetea. Mwisho mwenyekiti akatoa sharti: nimletee video moja isiyomtapisha kabla ya Ijumaa jioni. Nikishindwa, Jumamosi roketi inakaa kabatini na mie nakaa kwenye kiti.

Nimekubali. Kukaa kwenye kiti sijawahi kuweza.

Jumanne, 9 Juni

Tumerusha baada ya vipindi. Yuliana ndiye mwenye ufunguo wa kabati la injini, zile ndogo za baruti zinazonunuliwa zimeshafungwa. Hanipi ufunguo. Ananijua.

Roketi ilipanda vizuri kwa muda wa kupiga chafya moja. Halafu ikaanza kuzunguka kama pia. Mwavuli haukufunguka. Niliukata kwenye mfuko wa plastiki niliouficha uvunguni tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, na joto limeuyeyusha ukawa donge. Roketi ikashuka kwa kichwa kama mchi, ikajipanda kwenye tuta la mchicha la shule. Mwalimu wa kilimo akaja, akaing'oa. Alitikisa kichwa tu, kwa muda mrefu.

Kamera ilipona nusu. Nikampelekea Flaviana video. Mbingu, mchicha, mbingu, mchicha, mbingu. Aliangalia mpaka nusu akaomba ndimu. Akasema baba, mie nimetapishwa na mimba tatu, sikutapishwa hivi.

Nimeandika kwenye daftari: imeanza kumgusa.

Jumatano, 10 Juni

Ukarabati kutwa nzima. Waya wa kamera umekatika, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Nimeuchomelea kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Kioo cha kamera nimekisafisha kwa dawa ya meno. Imewaka. Nikajipongeza kwa chai.

Yuliana alipokuja akapima mapezi ya roketi kwa kipimapembe. Akasema babu, pezi hili limelala, ndiyo maana inazunguka. Nikamwambia nimeligandisha kwa jicho na jicho langu ni la fundi. Akauliza jicho lipi, lenye mtoto wa jicho au lile lingine? Mke gani huyu. Nitamkosa sana.

Tumeyabandua yote matatu na kuyapanga upya kwa hesabu zake. Inaudhi jinsi yalivyokaa vizuri.

Wakati gundi inakauka nikamshughulikia Brightson. Alikuwa anajaribu droni lake karibu na ukumbi wa sherehe. Kila mtu Dar anajua kunguru wetu hawana adabu kwa kinachoruka. Nikamwaga vichwa vya dagaa chini ya droni lake, kidogo kidogo, kama mtu anayetembea zake. Kunguru wakaja. Thelathini, labda zaidi. Brightson akalishusha droni taratibu, akalitia begini, akanisalimia shikamoo.

Sikukumbuka kuwa dagaa waliobaki walikuwa mfukoni mwangu. Kunguru walinisindikiza mpaka nyumbani. Mmoja bado yuko dirishani ninavyoandika. Ananiangalia kama karani wa mahakama.

Alhamisi, 11 Juni

Tatizo limebaki moja, mwavuli. Plastiki haifai. Gunia zito. Shuka langu lina matundu ya kutosha kuchujia nazi.

Flaviana alikwenda sokoni. Mie nikaenda chumbani kwake kutafuta sindano. Naandika hivyo endapo daftari hili litasomwa. Juu ya sanduku kulikuwa na kitambaa cha hariri, njano na maua ya bluu, chepesi kama kimetengenezwa kwa pumzi. Kimekunjwa vizuri tabaka nne. Nikaona ni mabaki ya sare za kamati. Sare za kamati ni kijani, lakini nani anashika rangi zote.

Sikuchukua chote, mie si mwizi. Nilikata kona. Kona ndogo, kwa upinde, ukubwa wa robo ya sinia. Kona nani ataiona?

Na hapa Mungu akanionyesha upendo. Nimekata robo, nikafungua, ikatoka duara zima. Sinia kamili! Sijui ilitokeaje. Nikarudisha kitambaa kama kilivyokuwa, ile kona kwa ndani.

Yuliana akauliza hariri hii umeitoa wapi babu. Nikasema kwa fundi cherehani, vipande. Akaniangalia kwa yale macho anayowaangalia wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na mbuzi. Lakini kamba alifunga mwenyewe, nane, kwa nafasi sawa. Kashiriki.

Ijumaa, 12 Juni

Imepanda wima. Haikuzunguka hata kidogo. Juu kabisa ikatulia, ikatema mwavuli, ikashuka kama bibi harusi kwenye ngazi. Nililia kidogo. Nikasema ni moshi.

Video safi. Flaviana ameiangalia mara tatu bila ndimu. Ameona paa letu, ameona kanga zake kwenye kamba, ameona kutu kwenye mabati, yale niliyomwambia mwaka jana kuwa nimeyapaka rangi. Akasema haya, kesho utarusha mara moja, baada ya zawadi, uwanjani nje ya ukumbi, watu wakae mbali. Mwavuli hakuuliza. Nilikuwa nimeukalia.

Jumamosi, 13 Juni

Siku yenyewe.

Nilianza kwa kudai haki yangu. Wakwe walipofika niliweka kiti mlangoni mwa ukumbi, nikakaa. Nikasema sifungui mpaka mwizi wa mke wangu ajitaje. Fransis akaja, suti nzito, jasho linamtiririka. Shikamoo babu. Sikuitikia. Nikamtaka aniite mume mkubwa. Akaniita. Nikamtaka arudie ili mama yake asikie. Akarudia. Watu wakapiga vigelegele, nikaondoa kiti. Kijana ana heshima, mbaya zaidi.

Mama yake ni mama wa Newala hasa, mpana, kimya, uso kama umefungwa kwa komeo. Tangu aingie hakucheka. Flaviana alikuwa anamwogopa, akawa anazungumza naye kwa sauti ya kanisani.

Ikafika zamu ya kumpa mama mkwe zawadi yake. Mshereheshaji akaeleza jinsi ilivyotafutwa Kariakoo siku nne. Flaviana na dada zake wakaishika pande nne ili wamfunike mama wa watu mabegani. Wakaifungua.

Hariri. Njano. Maua ya bluu. Katikati kabisa, tundu la duara, ukubwa wa sinia.

Hapo ndipo nikaelewa ile robo. Kitambaa kikikunjwa tabaka nne, kona moja si kona. Ni kitovu.

Muziki ukazimwa. Flaviana alichungulia kwenye tundu akamwona Mama Fransis upande wa pili, anamchungulia. Akasema kwa sauti ndogo kuwa ni panya. Nikaunga mkono haraka. Nikasema panya wa Bunju wamezidi, juzi wamekula sabuni.

Mshereheshaji, kuokoa jahazi, akatangaza sote tutoke nje tukaone roketi ya babu.

Nilikaa pale uwanjani na kitufe mkononi. Nikirusha, mwavuli utafunguka juu ya vichwa vya watu mia mbili. Nikisema betri imekufa, panya atabaki na kesi yake na mie nitalala salama. Nilishafungua mdomo niseme betri. Yuliana alikuwa amesimama katikati ya ukoo wote kama tulivyopanga, gauni limemkaa, kanyanyua mkono, anasubiri. Akaanza kuhesabu. Tano. Nne. Jamani, sikuweza.

Nikabonyeza.

Wima kama jana. Watu wote vichwa juu. Paa! Ua la njano likafunguka angani, na maua yake ya bluu.

Mama Fransis aliangalia juu. Akaangalia kitambaa mkononi. Akaangalia juu tena, taratibu, kama anayelinganisha chenji. Halafu akamgeukia Flaviana, akasema:

"Mkwe, panya wenu wanaruka."

Na komeo likafunguka. Alicheka yule mama mpaka akashikiliwa. Akachukua kitambaa, akaingiza kichwa kwenye lile tundu, kikamkaa mabegani kama kimeshonwa kwake. Akacheza kurudi ndani, wanawake nyuma yake. Brightson alicheka mpaka akasahau kuwasha droni.

Flaviana hakucheka. Alikuwa ananitafuta. Nilikuwa chooni.

Jumapili, 14 Juni

Tumeangalia video sisi watatu baada ya misa. Ipo. Watu mia mbili midomo wazi, wanazidi kuwa wadogo, na katikati Yuliana anapunga mkono. Uso mmoja tu hauangalii juu. Ni wa Flaviana, umeniangalia mie, mikono kiunoni. Kumbe alijua kabla ya mwavuli.

Yuliana aliirudia mara nyingi. Akasema ataionyesha kwa wanafunzi wake wapya huko Newala. Halafu akanipa ufunguo wa kabati la injini. Kunguru wa dirishani aliongea kwa niaba yetu.

Flaviana amenikalisha chini. Nimeapa mbele ya picha ya marehemu mke wangu kwamba sitagusa tena kitambaa chochote kilichomo chumbani mwa Flaviana. Nimeapa kwa moyo wote.

Mchana Mama Fransis kapiga simu. Anataka roketi tena siku ya harusi, uwanja wa kanisa, iende juu zaidi. Nikamwambia kwenda juu zaidi kunataka injini kubwa, na injini kubwa inataka mwavuli mkubwa, laini zaidi ya hariri. Akasema babu hashindwi.

Shela la bibi harusi limeletwa jioni hii. Limetundikwa chumbani mwa Yuliana, si kwa Flaviana. Nimelipima kwa kamba. Mita tatu, jepesi kuliko hariri, na mita moja na nusu ya nyuma inaburuzika tu chini, haina kazi yoyote.

Mkasi nimeupeleka kunolewa.