Mzigo wa Binamu

Jumatano, 6 Agosti

Makalio yamekufa. Kutwa nzima tumepanda mlima ambao kwenye ramani ni kidoa tu. Aliyeichora ramani ile hajawahi kukalia tandiko la baiskeli.

Nisisahau kilichonileta. Dada alitangaza mezani, mbele ya Mama na shangazi wote, kwamba nitarudi nyumbani kutoka msafara huu wa baiskeli juu ya pikapu inayookota waliochoka, nimejilaza kama gunia la mkaa. Shangazi walicheka hadi wakashikana mabega. Jumapili wote watasimama barabarani kutungoja. Kwa hiyo lazima niingie mbele, bendera ya msafara ikipepea nyuma yangu.

Mwalimu, kiongozi wetu, mstaafu wa kufundisha michezo, kasema bendera atampa anayestahili, naye atamtaja Jumamosi jioni. Anayestahili ni anayetangulia. Iko wazi.

Shida ni kwamba anayetangulia ni Binamu. Anapanda mlima huku anaimba! Leo kanipita, kaniuliza kwa upole kama mimi, ndugu yake, nina maji. Nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Dawa imepatikana. Kila asubuhi Mwalimu hugawa vyombo vya wote, sufuria, pampu, tairi za akiba, na kuvitia kwa mkono wake kwenye mikoba yetu ya keria. Hakuna anayeuliza kapewa nini. Kuuliza ni uvivu.

Nami nina vitabu vyangu, vinene, nilivyobeba ili nisome jioni niwe mtu wa kina. Sijafungua hata kimoja. Binamu alipokwenda bombani kupiga mswaki, vyote vilihamia mkobani mwake, chini ya sufuria, vimefungwa kwenye mfuko kama vyombo vya Mwalimu. Si hila. Nimemwazima bila kumtaarifu.

Baiskeli ikawa nyepesi kama unyoya! Nilitangulia asubuhi yote. Kisha pancha. Pampu? Kwa Binamu. Nikakaa kando ya barabara kama mzigo uliosahaulika. Akaja polepole, jasho linamtiririka, haimbi (safi!). Akaiziba pancha, akanijazia upepo yeye mwenyewe. Akasema leo Mwalimu kamwonea, lakini afanyeje, mzigo wa mwenzio ni wako. Nikakubali kwamba Mwalimu hana huruma kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika wa kwanza! Binamu wa mwisho!

Dereva wa pikapu, anayenifuata siku zote kama fisi anayengoja mkono wa mtu udondoke, leo kamfuata Binamu. Alimsihi apande, asijitese, hakuna atakayemcheka. Binamu akakataa. Niliposikia, nilihisi kitu kifuani. Nadhani ni njaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Maafa.

Jioni Mwalimu katupanga mstari kwenye uwanja wa shule tunayolala. Kasema bendera haimfuati mwenye mbio. Mwenye mbio tayari ana mbio zake. Bendera ni ya aliyebeba zaidi na kunung'unika kidogo. Akaanza kuinua mikoba mmoja mmoja. Wangu aliuinua kwa kidole. Kidole! Akanitazama, akauliza kama nimekuja harusini. Alipofika kwa Binamu akaguna, akaongeza mkono wa pili. Watu wakapiga makofi. Binamu akalia. Nami nikapiga makofi, ningefanyaje?

Nimelipima jambo hili kwa makini. Nikisema vitabu ni vyangu, bendera sipati na aibu napata. Nisiposema, vitabu sipati na bendera sipati. Usomi wangu wote umegonga ukuta. Lakini bendera yenyewe itakabidhiwa kesho asubuhi. Huenda Mwalimu akapima tena. Na nyuma ya darasa kuna matofali.

Jumapili, 10 Agosti

Hakupima. Kasema bendera imeshapata mwenyewe, twende.

Nafasi ya kuyatoa matofali mkobani mwangu sikuipata. Binamu aliamua kwenda nami bega kwa bega ili tuingie mjini pamoja, damu moja. Hakuniacha hata kichakani! Kila aliponisemesha nilijibu kwa kuhema. Mlima wa mwisho, keria ikakatika. Tofali likabingirika hadi kwenye gurudumu la pikapu. Dereva akashuka, akaliokota, akaniuliza najenga wapi.

Nimeingia mjini juu ya pikapu. Dada alininyooshea kidole, shangazi wakamalizia kwa kicheko. Mbele yangu bendera inapepea, na chini yake Binamu ananipungia mkono, meno yote nje.

Alasiri kaja nyumbani na vitabu. Kavikuta akifungua ule mfuko, jina langu limeandikwa ndani. Nikaanza kutafuta pa kujificha. Akanikumbatia! Anaamini nilijua siri ya Mwalimu, nikamjaza mzigo makusudi ili bendera iwe yake, na mimi nikabaki bila kitu. Mama kafuta machozi kwa upindo wa kanga. Dada kanimiminia chai, mara ya kwanza tangu nimjue. Nimezipokea shukrani zote kwa unyenyekevu. Ukweli una wakati wake, na wakati wenyewe haukuwa huo.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa keria.

Dada katangaza kwamba mwakani naye atakuja, anifundishe kuingia mjini kama mtu. Tayari kaazima mkoba. Nimeuchungulia: mpana, imara, una mifuko ya pembeni. Matofali yataingia bila taabu.