Naomba Nipatiwe Shida Nilizoahidiwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Shirika la Walimu wa Kujitolea.

YAH: UKOSEFU MKUBWA WA SHIDA KATIKA KITUO CHANGU CHA KAZI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ofisi yako yote. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Utakumbuka kwamba nilipojiunga mlinionyesha picha ya mwalimu aliyezama matopeni hadi magotini, amebeba madaftari kichwani, anavuka mto. Picha ile iliniingia moyoni. Nikaacha kazi yangu ya kufundisha hesabu nyumbani, nikaagana na ndugu, nikavuka mipaka kuja huku ugenini kujitolea. Sasa mwaka unakaribia kwisha, na kwa heshima zote nalazimika kusema kwamba mmenidanganya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mto una daraja. Daraja lina taa. Viatu vya mpira alivyoninunulia shangazi yangu bado vina karatasi ndani. Siku moja nilibahatika kuona dimbwi mbele ya lango la shule, nikavivaa, nikaingia, nikamwomba mwalimu mwenzangu wa sayansi anipige picha. Huyu ninakaa naye nyumba moja na kila mtu anamwita Profesa kwa sababu ya miwani yake. Kabla hajabonyeza, fundi wa barabara alitokea akaniomba radhi kwa niaba ya mji mzima. Kesho yake dimbwi lilikuwa limejazwa zege.

2. Mama mwenye nyumba. Nilikuja na mkeka wangu wa kulalia. Akautandika barazani kwa ajili ya paka, mimi akanipa magodoro mawili. Nilipomweleza kwamba mtu wa kujitolea hula kidogo, alinishika paji la uso, akasema, "Maskini, mwanangu ana homa," akaongeza supu. Fundi cherehani ameshazipanua suruali zangu mara mbili. Safari ya tatu alinirudishia, akasema, "Mwalimu, kitambaa kimeisha. Kilichobaki hapa ni imani tu."

3. Kila mwezi ofisi yako hunikumbusha nitume picha ya kugusa mioyo ya wafadhili. Watu wa huku wakiona kamera wanakimbilia kuchana nywele. Profesa nilimwomba anune kidogo tu, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mwezi uliopita, na hili nalisema kwa macho makavu, niliingia darasani mapema nikachomoa kioo cha dirisha kwa mikono yangu mwenyewe, ili angalau upepo utupige. Kabla ya chakula cha mchana seremala wa jirani alishatia kioo kipya, kikubwa kuliko cha kwanza. Mwalimu mkuu akanipongeza mbele ya shule nzima kwa kuligundua tatizo mapema.

4. Wanafunzi. Hapa, Mheshimiwa, ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mliniambia wana kiu ya elimu. Kweli wanayo, ila hakuna aliyeniambia kwamba walianza kunywa kabla sijafika. Hata hivyo nilijiliwaza, maana kila siku darasani alikuwepo mmoja asiyeelewa. Nilikuwa namkalisha mbele, namweleza kwa chaki, kwa vijiti, kwa maganda ya machungwa, mpaka anaruka kwa furaha, "Aa! Sasa nimeelewa, Mwalimu!" Nami hurudi nyumbani nimechoka taabani, kifua mbele.

Juzi kiranja wa darasa, binti mmoja mpole sana, aliugua kikohozi akabaki kwao. Nikauliza nani hajaelewa. Wakaanza kutazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, "Si zamu yako leo?" Mwenzake akajibu, "Yangu kesho. Leo ni ya kiranja." Kumbe wana zamu! Zamu ya kutoelewa, kama zamu ya kufagia. Walikaa wakapanga tangu muhula wa kwanza, ili mgeni wao asijione hana kazi. Sasa niambie, hapa ni nani anayejitolea kwa ajili ya nani?

5. Shangazi. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyesimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba nakwenda kuumia kwa ajili ya watu. Watu walilia. Mjomba alinipa tochi yake, naye haitoi hata kwa mkewe. Kila Jumapili shangazi hunipigia simu, "Mwanangu, unaumia?" Nami, mdomo umejaa, hujibu, "Naumia, shangazi." Akisikia sauti inavyokwama, machozi yanamtoka. Nikishuka kwenye basi na kitambi hiki, ataficha wapi uso wake?

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mnihamishe muhula huu ukiisha, mnipeleke kwenye kituo chenye shida za kueleweka. Ama mniletee shida hapa hapa: mwandikieni mama mwenye nyumba apunguze mkono, mwambieni mwalimu mkuu afiche chaki, na bajeti ikiruhusu, mbomoe daraja. Kipande kidogo tu kinatosha.

Nisalimie mhasibu, dereva, na yule dada wa mapokezi aliyenipa vidonge vya kusafishia maji. Mwambie maji ya huku yanamsalimu. Profesa anawasalimu wote. Mama mwenye nyumba naye anawasalimu, na anauliza huko ofisini mnakula nini.

Wako mtiifu, nisiye na shida yoyote,
Mwalimu wa Hesabu

Nyongeza: Barua hii ilikuwa iondoke jana, lakini Profesa aliisoma mezani, na mdomo wa Profesa hauna breki. Kufikia saa nne shule yote ilishajua kwamba naomba kuhama. Mama mwenye nyumba alinipakulia, akaenda kukaa barazani na paka, na mimi kijiko kikanishinda. Kisha darasani akaja kiranja, bado anakohoa, ametumwa na wenzake. Wanasema nikibaki, darasa zima halitaelewa chochote mpaka mwaka ujao, na ikibidi watafeli mtihani wote kwa pamoja. Nimewakatalia, nikageukia ubao nikafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kule nyumbani nilifundisha miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunilia njama ili nisiondoke.

Nilimpigia shangazi ingawa haikuwa Jumapili. Akaniuliza kama kawaida, unaumia? Nikamwambia ndiyo, na safari hii sikuwa na kitu mdomoni.

Wanafunzi wangu huwa nawakataza kufuta njia ya hesabu walipokosea, kwa hiyo barua naituma kama ilivyo. Jibu langu la mwisho ni hili: shida niliyoiomba imefika, na nakiri kuipokea. Daraja liacheni, na mimi niacheni hapa hapa.