Udongo Uliobeua

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa misitu, bosi wetu, ametangaza: Ijumaa atateua kiongozi wa kikosi cha kupima hewa ukaa inayotoka kwenye udongo wa msitu. Tumebaki wawili. Mimi na shemeji, kaka yake mke wangu, tuliyempa jina la Rula kwa sababu hupima hata chumvi ya yai. Kazi yenyewe, kila mtu na kiwanja chake: kufunika udongo kwa ndoo yenye kifaa, kungoja, kusoma namba. Udongo hai hutoa namba kubwa. Za Rula zimepanda vizuri. Zangu zimelala tu. Aibu! Shemeji akinipita, nitakaa wapi mezani kwa wakwe?

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Mchana soda ya machungwa imenipanda puani. Nikasoma chupa: hewa ukaa! Akili ni nywele, na mimi nina kichaka. Nikamwagia kiwanja changu nusu chupa, nikafunika. Namba zikaruka hadi kifaa kikalia. Rula akauliza mbona pana harufu ya machungwa. Nikamwambia ndiyo harufu ya udongo wenye afya. Akaandika!

Alhamisi, 6 Machi
Sisimizi wamevamia kiwanja, kisha suruali yangu. Karibuni! Nao wanapumua. Namba juu zaidi. Daktari amesema miaka ishirini hajaona udongo wa namna hii. Kesho analeta wageni washuhudie. Mke wangu amenipigia shati pasi, akauliza kaka yake anakosea wapi. Nikamwambia kipaji hakiazimwi.

Ijumaa, 7 Machi
Soda ndani ya koti. Kilima kirefu, tumekipanda mbiombio. Nikainama, nikafungua kwa siri. Pshhh! Povu mpaka kwenye miwani ya Daktari. Rula akafungua daftari lake, akasema kumbe harufu ni ileile. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka akamteua Rula.
Lakini! Kiwanja changu kimepata kibao: KIWANJA CHA SODA. Kila mwanafunzi atapitishwa hapo nimweleze jinsi kipimo kinavyoharibika. Rula ana cheo tu. Mimi nina kibao!

Jumapili, 9 Machi
Kwa wakwe nimekalishwa kichwani mwa meza, nisimulie. Mama mkwe amecheka hadi machozi. Rula ameniapisha mbele ya wote kwamba sitatia soda tena kwenye udongo wowote. Nimeapa kwa moyo mweupe.
Tukirudi, nimepitia dukani. Nimenunua hamira, ile inayojaza mkate hewa ukaa. Haina harufu ya machungwa. Na haipigi kelele.