Hotuba ya Meya Siku ya Kufungua Bomba Letu

Sasa hivi mwanangu Sharlyn amepanda kwenye kiti, akajikohoza kwa madaha, akawapungia kuku mkono. Anamuiga meya wetu, Don Evelio Zumbado, aliyekuja Jumamosi kutufungulia bomba, maana mtaa wetu hauna maji. Mimi shule niliishia njiani, lakini masikio ninayo. Alisema hivi, au karibu na hivi:

"Mheshimiwa mimi mwenyewe, padri wetu mpendwa, mheshimiwa mke wangu, mheshimiwa shemeji yangu ambaye kwa bahati tu ndiye mkandarasi, madiwani mlioko hapa na mliobaki garini kwenye kivuli, na nyie wananchi wa kawaida! (Makofi ya madiwani.) Kabla ya uongozi wangu mtaa huu ulikuwa na kiu isiyo na mpangilio. Leo, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi, na ziara ya mafunzo ufukweni niliyoifanya kwa moyo mzito, mna kiu iliyoratibiwa! (Yigüirro, yule ndege wetu wa kahawia, anaanza kuimba kwenye waya wa umeme.) Mnamsikia? Mababu walisema akiimba anaita mvua. Walisema tu, hawakuwa na mkakati! Ni ofisi yangu iliyomtambua rasmi kuwa mdau wa sekta ya maji, na tangu nimtambue, uimbaji umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, takwimu niliyoiandaa mwenyewe. Anaimba bustanini, sokoni, hata dirishani kwangu alfajiri, saa ambayo kiongozi mwingine angekuwa amelala, nami huwa nimelala, ila kwa uchungu wa kuwatumikia. (Doña Flory, jirani yangu: 'Huyo anaimba kila Aprili tangu wewe hujaota meno, baba!' Vicheko.) Asante mama, mchango wako umepokelewa na utafanyiwa kazi. (Doña Flory: 'Fungua bomba basi, tuone!' Watu: 'Fungua! Fungua!') Subira, wadau! Bomba si la kufunguliwa ovyo, bomba ni dira! Maji kwa wote! Zumbado kwa wote! Namshukuru fundi aliyesimamisha nguzo hii asubuhi, na nawaomba msiiguse koki, kwani imebandikwa kwa gundi tu, na mchana huu inasubiriwa mtaa wa pili, nao nikawafungulie hiyohiyo. Suala la mabomba ya chini ya ardhi, ambayo bado hayajalazwa, tumemkabidhi ndege. Asanteni sana!" (Ndege anashuka, anatua juu ya koki, anakunya.)

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Padri naye alijifanya anafuta miwani. Lakini Sharlyn alinivuta sketi, akauliza, "Mama, maji yako wapi?" Kicheko kikanikauka. Ndiyo maana Jumatatu tunakwenda ofisini kwa Don Evelio, mimi, Doña Flory na wenzetu, na watoto wetu na nguo zote chafu za mtaa. Tutaketi pale mlangoni tuzifue kwa bomba lake, lile linalotoa maji. Namuogopa kidogo, sitaki kudanganya, ila naona safari hii atatusikiliza, maana...

kumbe Doña Flory ananiita dirishani: "Yendri! Wee mtoto! Lori la maji limefika kona, watu wameshajipanga, unaandika nini?" Naja, Doña Flory, naja, namalizia tu kwamba siku maji yatakapotoka humu ndani, mwanangu ndiye atakayefungua koki.