Mashine ya Kuwarudisha Watoto

Jumamosi, 6 Julai

Nimekula peke yangu tena. Si kweli kabisa: mke wangu Faida alikuwepo, na kuku mmoja alisimama mlangoni akinitazama kwa huruma. Lakini watoto! Ninao watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mezani. Wako wapi? Kwa Pitchou! Tangu shule zifungwe wanashinda kwa jirani yangu Pitchou, kwa kuwa Pitchou ana Play, ile mashine ya michezo inayofungwa kwenye televisheni. Wanacheza mpira kwa vidole. Wanakula hukohuko.

Faida akasema niwaache, njaa itawarudisha. Njaa! Ndiyo shida yenyewe. Wanarudi wameshiba. Feza, binti yangu mkubwa, ameingia jioni akipangusa midomo, akaniambia sombe, kile kisamvu, ya kwa Papa Pitchou ina mawese mengi kuliko yetu. Papa Pitchou! Mtu niliyesoma naye darasa moja, aliyekuwa akinakili hesabu zangu, tukafeli wote wawili.

Zamani Feza alikuwa akinisubiri sahani yake haijaguswa. Sasa nasubiri mimi. Inaniuma, na kwa kuwa hakuna anayesoma humu, naandika hivyohivyo: inaniuma.

Nimeamua. Nitanunua Play. Kubwa kuliko yake. Watoto wangu watakula kwangu.

Jumapili, 7 Julai

Upelelezi. Nimekwenda kwa Pitchou kuazima nyundo. Nyundo ninazo mbili, lakini yeye hajui.

Sebule yake imejaa watoto wa mtaa mzima, wamekaa chini hadi mlangoni. Play yenyewe ni ya zamani, imechubuka, kifuniko kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilifurahi sana kuuona ule mpira. Pitchou akanikaribisha nijaribu. Akanipa maneti, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vibonye. Nikacheza na Feza. Matokeo sitayaandika. Wachezaji wangu walikuwa na tabia ya kukimbilia nje ya uwanja.

Pitchou akaniambia mbele ya wote: "Muzee, shika polepole, hii haiko jembe!" Watoto wakacheka. Feza naye akacheka, tena kuliko wengine.

Nimerudi na nyundo. Sasa ninazo tatu.

Jumatatu, 8 Julai

Sokoni, dukani kwa Ayoubu. Huyu Ayoubu huleta vitu kutoka Bukavu na Kalemie, na ukimsikiliza anavyoieleza barabara utadhani huvibeba mgongoni. Alikuwa na aina tatu.

Ile ndogo haizidi kipande cha sabuni, michezo yote imo tumboni mwake, na umeme inaulamba tu. Lakini nitapitaje mbele ya Pitchou nimeshika kipande cha sabuni? Ya kati ni sawasawa na ya Pitchou, ya zamani, fundi yeyote wa hapa Kasongo anaifungua kwa kisu cha jikoni. Halafu kubwa. Nyeusi! Inang'aa! Ndani ya sanduku lake tu ungelaza mtoto mchanga.

Ayoubu hakuniuliza naitaka ipi. Aliuliza paneli yangu ya jua ni ya namna gani, na batri je. "Papa Atumani, ile kubwa inakula kuran sana, umeme wote itamaliza. Angalia kwanza batri yako." Nikaujua ujanja wake papo hapo: anamwekea mtu mwingine. Nikamjibu kwamba batri yangu ni siri ya nyumba yangu.

Nimechukua kubwa. Yeye amechukua baiskeli yangu na mpunga wangu wote wa msimu. Nimerudi kwa miguu na sanduku kichwani, nikazunguka ili nipite mbele ya kwa Pitchou. Hakuwepo nje. Nikazunguka tena. Bado hakuwepo. Mara ya tatu shingo ilikataa.

Jumanne, 9 Julai

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Niliwaita watoto wangu, watoto wa mtaa, na Pitchou mwenyewe, aje aone. Akaja, amevaa vizuri. Nikasema maneno machache kuhusu maendeleo. Maneno machache yakawa mengi. Kisha nikabonyeza. Taa ya buluu ikawaka! Watoto wakasema "Aaa!" Wakati huohuo konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ya batri iwe umeme wa televisheni, ikalia tiii, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Televisheni ikazimika. Redio ikazimika. Simu za majirani waliokuwa wakichaji bure kwangu zikakatika chaji.

Pitchou hakucheka, na hilo ndilo baya zaidi. Alinipa pole, akaniambia ana konvertisa ya akiba, nikitaka niichukue. Nikamwambia ninazo mbili. Sina hata moja.

Watoto wakaondoka mmoja mmoja, wakielekea unakokujua. Feza akabaki nyuma kidogo, akasema, "Baba, iko nzuri. Iko kubwa." Halafu akawafuata wenzake. Bora angenicheka.

Alhamisi, 11 Julai

Nimelala siku nzima jana. Leo nimerudi kwa Ayoubu. Alikuwa amenitayarishia kiti.

Baiskeli hairudi, amekwisha kuipeleka kwa mtu. Mpunga hata nisiutaje, umekobolewa. Lakini ni mtu wa haki: anachukua ile kubwa, ananipa ya kati yenye maneti mbili, na konvertisa ya zamani juu yake. Ya kati! Ndugu pacha wa ile ya Pitchou! Nikaitazama ile ndogo. Ayoubu akaniwashia. Wachezaji wake hawana nyuso, na mpira ni wa pembe nne. Feza angenionea huruma tena, na huruma ya Feza siiwezi.

Basi ya kati. Ila nimeomba sanduku la ile kubwa. Ayoubu akauliza la nini. Nikamwambia ni mambo ya ndani ya nyumba yangu. Nimepita mtaani na sanduku kubwa kichwani, ndani kunagongagonga, na safari hii Pitchou alikuwa nje. Akaniamkia kwa heshima. Ushindi!

Faida nimemwambia achinje yule kuku wa mlangoni.

Ijumaa, 12 Julai

Imewaka! Imewaka na haikuzimika! Niliporudi kutoka msikitini watoto walikuwa wamejaa sebuleni kwangu, na kwa Pitchou kimya, husikii hata mtu kukohoa. Feza alikula kwangu. Akaomba aongezewe. Nilimtazama anavyokula mpaka Faida akaniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nina raha, basi.

Na mtu mwenye raha asikae nayo peke yake. Mama mkwe wangu kule Wamaza amesema miaka yote kwamba nyumbani kwa Atumani hakujaingia kitu kipya tangu harusi. Haya! Nimempa ujumbe mwenye pikipiki mmoja anayekwenda huko: mama aje, aone kwa macho yake, kisha arudi akawasimulie. Faida aliuliza kama nimefikiri vizuri. Mimi hufikiri siku zote.

Jumapili, 14 Julai

Mama mkwe amefika, mwekundu kwa vumbi la njia kama tofali, na mfuko wa karanga. Nilimsalimia nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko, kama inavyotakiwa. Kwetu mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Sikai naye chumba kimoja. Sili akiniona. Tukikutana njiani, mmoja anaingia majanini, na kwa kawaida ni mimi. Hakuna shida: kila akija hukaa jikoni na Faida, mimi nakaa sebuleni, na heshima inapita katikati.

Safari hii alipelekwa sebuleni aone kitu kipya. Akaona. Akauliza wale watu wanakimbilia nini. Feza akamweleza. Akaomba ashike. Hiyo ilikuwa saa ya adhuhuri.

Sasa ni magharibi, nimekaa juu ya kinu uani, na namsikia kupitia dirishani: "Feza, huyu mutu wa nyekundu anatafuta nini kwa mulango yangu? Mupige!" Na Feza akimhimiza bibi yake: "Kambo, peleka mbele! Mbele!"

Ni siku moja tu. Mgeni apumzike uchovu wa safari, kesho atarudi jikoni.

Jumatano, 17 Julai

Hakurudi jikoni. Wahenga walisema mgeni siku ya kwanza na ya pili, ya tatu mpe jembe. Lakini utampaje jembe mtu ambaye huruhusiwi kumkaribia? Siku tatu sijaingia sebuleni mwangu! Watoto wangu wako nyumbani, wanacheka nyumbani, wanakula nyumbani, na mimi nawasikiliza kama redio. Jana nilikohoa mlangoni ili ajue naingia. Akasema, "Mukwe, karibu, nitafunika uso," akajitupia kitenge kichwani na kuendelea kucheza kwa kuchungulia pembeni. Akafunga bao hivyohivyo. Singeweza kuingia.

Basi leo nikapanga. Umeme ukikatika, mama atatoka sebuleni. Akitoka, mimi naingia. Saa ya jua kali nikavaa kaptula, nikaweka ngazi, nikapanda juu ya bati taratibu, nikang'oa waya wa paneli. Batri yangu bila jua haidumu: punde konvertisa ikazimika. Nikasikia Feza akisema lo, na bibi yake akisema twende tuangalie.

Wakatoka. Wakasimama chini yangu. Na mimi juu.

Juu ya kichwa cha mama mkwe! Na kaptula! Watu wamefarakana na koo za wake zao kwa makosa madogo kuliko hilo. Kushuka siwezi, ngazi iko miguuni pake. Kujificha siwezi, bati halina kona. Mama mkwe hakuinua uso. Alijifunika kitenge, akaketi palepale penye ngazi, akamwita mke wangu kwa sauti ya upole: "Faida, kuko ndege gani kwa juu ya nyumba? Iko mukubwa sana."

Faida akasema hajui, labda ni korongo. Mama mkwe akasema korongo hana kaptula. Wakaanza kuzungumza habari za Wamaza: nani amezaa, nani amelima wapi, mihogo ya nani imeliwa na nguruwe. Ukoo mzima! Bati lilikuwa la moto, nikawa nabadilisha mguu huu na ule. Watoto wa mtaa walikusanyika. Pitchou pia alikuja, na safari hii alicheka, akalazimika kushika ukuta.

Kabla ya kuondoka, mama mkwe akamwambia Faida: yule ndege akishuka, arudishe waya kwanza, halafu alete jogoo wa faini. Nimelipa jogoo. Waya nimeurudisha.

Ijumaa, 19 Julai

Nipo kwa Pitchou. Sikupanga hivyo. Jana nilikuja kurudisha nyundo yake, nikamkuta amekaa peke yake mbele ya Play yake, maneti ya pili iko kwenye kiti kitupu. Tangu watoto wahamie kwangu hana wa kucheza naye. Akanisogezea kiti. Nimeshindwa michezo yote, lakini wachezaji wangu sasa wanabaki uwanjani.

Faida ananiletea chakula huku, kwa mkono wa Feza. Leo Feza aliiweka sahani mlangoni hata hakuketi, akasema zamu yake inapita, na bibi yake haachi zamu ya mtu ipotee bure. Nikamuuliza hawezi kukaa na baba yake hadi nimalize hata tonge moja? Akakaa. Tonge moja. Kisha akakimbia, na nikasikia kelele ya nyumba yangu mlango ulipofunguliwa kule. Pitchou akajifanya anasafisha maneti kwa shati lake.

Lakini Atumani hakosi njia! Nimefikiri, na nimepata. Mama mkwe hawezi kuondolewa na mimi. Nani anaweza kumwondoa? Mumewe! Baba mkwe yuko Wamaza, yuko peke yake, anajipikia. Akija hapa atamwambia twende nyumbani, mihogo inaharibika, na mama atatii. Mwenye pikipiki ameondoka asubuhi kumchukua. Faida aliuliza mzee atakaa wapi na atafanya nini muda wote mkewe anapofunga mizigo, maana mama si mtu wa kufunga mizigo haraka. Swali la kitoto. Nimepeleka redio yangu kwa Ayoubu, nikamchukulia mzee maneti yake mwenyewe, mpya kabisa, asije akakaa bure.