Vichwa Saba vya Udongo

Jumamosi, 7 Juni

Ijulikane kwa yeyote atakayeisoma shajara hii (sitarajii wawe wengi, naificha kwenye buti la kazini): kuanzia leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nyumba hii haitumii tena shampuu.

Tangazo nimelitoa sebuleni, nimesimama wima. Mke wangu akauliza kama naumwa. Binti hakuinua hata macho. Alikuwa anasoma juu ya ubao wa kupigia pasi, kwenye ushoroba wa kwendea chooni, ndiko anakosomea tangu mwaka jana. Kila mtu akibanwa, yeye huukunja ubao, humpisha, huukunjua, hutafuta ukurasa. Mitihani yake inaanza Jumatatu ya tarehe 23. Nilimwahidi chumba kidogo. Nilimwahidi mara tatu, mara moja kwa maandishi.

Chumba kidogo kina shemeji.

Ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zina miezi kumi na minne. Hana ubaya wowote, na hapo ndipo penye tabu: mtu asiye na ubaya ukimfukuza, mbaya ni wewe. Lakini ana nywele. Si nywele, kichaka. Anaziosha, anazichambua, nadhani anaziongelesha. Chupa ya shampuu ya mwezi mzima, ya familia, yeye anaikausha kwa siku nane. Nimeitia alama kwa kalamu, nina uhakika.

Samaki huna haja ya kumwambia atoke bwawani. Unakausha bwawa.

Ushahidi wa kitaalamu ninao. Mimi ni msoma mita za maji, mwaka wa kumi na tisa huu. Alhamisi nilikwenda kusoma mita ya saluni ya barabara ya pili, nikakuta juu ya kiti ukurasa wa gazeti: nywele zilizozoea shampuu hudhoofika, zioshwe kwa vitu vya asili. Nusu ya chini ilikuwa imechanwa. Nusu ya juu inatosha.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji amekubali!

Nilitegemea anune, mpaka jioni awe amefunga begi. Badala yake amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema siku nyingi alikuwa anatafuta mtu wa kumwongoza maishani. Akaomba nimwoneshe njia. Njia sikuwa nayo. Nikasema mayai.

Ikabidi nianze mimi, kiongozi ni mfano. Mayai mawili kichwani, dakika kumi, kisha maji. Maji ya namna gani, ukurasa haukusema, au ulisema kule kwenye nusu ya chini. Asubuhi ilikuwa na baridi, nikachukua ya birika.

Nimegundua leo kwamba yai halichagui sufuria. Limeiva. Limeivia kichwani mwangu, hasa nyuma ya masikio, ambako ndiko nywele zangu nyingi zilikobakia. Mke wangu amelichambua kwa kitana cha meno madogo, dakika arobaini. Binti alipita na daftari lake akasema chumvi iko kabatini.

Jumanne, 10 Juni

Nimehamia kwenye siki. Ofisini, Msimamizi aliingia, akasimama, akanusa, akafungua madirisha yote matatu, akatoka. Kwa upande mwingine, mbwa wa nyumba namba arobaini, ambaye kwa miaka sita ana hamu ya kuning'ata, leo alinikaribia, akavuta pumzi, akarudi nyuma kwa adabu. Hilo naliandika upande wa faida.

Jioni, pigo. Shemeji amejibunia jambo lake. Kachota udongo wa mfinyanzi pale wanapochimba msingi wa ghala, kauchekecha kwa chujio langu la chai, kauloweka, kajipaka, kauacha ukauke nusu. Nusu tu, anasisitiza, ukikauka wote unashika kama kigae. Kisha akaingia bafuni kusuuza. Nilijiweka mlangoni nikisubiri kilio.

Akatoka. Nywele zinang'aa. Zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikatafuta pa kukaa, nikakaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, ameziona nywele za shemeji akakata uzi katikati ya mshono. Amekuja kupakwa. Jana alikuja yeye, leo kaleta na dada yake. Shemeji kaweka kiti uani, taulo begani, anaongea nao kwa sauti ya daktari wa watoto. Kila anayekuja anaambiwa kuwa aliyemfumbua macho ni mimi. Wananitazama kichwani. Halafu wanatazama pengine.

Mke wangu amenishukuru. Miaka kumi na saba ya ndoa, naweza kuzihesabu shukrani kwa vidole na kidole gumba kikabaki. Anasema mdogo wake sasa anaamka kabla ya jua, na yote ni kwa busara zangu.

Chumba kidogo sasa kina shemeji, mabeseni matatu na gunia la udongo. Nikamwuliza Binti masomo yanakwendaje. Akasema amefika kwenye mzunguko wa damu, na tangu aanze ukurasa huo wamepita watu kumi na mmoja.

Jumamosi, 14 Juni

Kila Jumamosi huwa naisoma mita ya nyumbani kwangu, kwa raha zangu tu, kama wengine wanavyotazama mpira. Leo nimeisoma mara tatu. Nimekifuta kioo kwa mate, nikaisoma ya nne. Kwa wiki moja nyumba hii imetumia maji ya wiki tano!

Katika kazi yangu mruko wa namna hii una sababu moja tu: bomba limepasuka chini ya ardhi. Nimeziambia kaya mamia kwa mamia, wakilia, wakiapa, wakinionesha bomba zima: mita haisemi uongo, mama, tafuta panapovuja. Leo zamu yangu.

Nikaitisha kikao. Shemeji, kwa ule upole wake unaochosha, akasema labda ni kule kusuuza, maana udongo hautoki bila ndoo sita. Nilicheka. Nikamweleza kitaalamu kwamba kichwa cha binadamu hakiwezi kunywa maji kiasi hicho. Akasema sawa shemeji, wewe ndiye mwenye mita.

Hasa. Kesho nachimba.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye sanduku, kwa sababu ambazo zitaeleweka.

Nilianza mapema, kutoka mita kuelekea barabarani. Udongo mkavu. Mtu asiye na ujuzi angejiuliza mbona mkavu. Mwenye ujuzi anajua kuwa uvujaji uko chini zaidi. Nikazidi kwenda chini. Saa nne nilikuwa kiunoni.

Nikiwa humo shimoni akaingia mama mkwe. Sikujulishwa. Shemeji ndiye aliyemwita aje ashuhudie kazi ya mikono yake, naye akaja na kitambaa kipya. Akakalishwa kwenye kiti changu cha mkono, uani, wa kwanza kwenye mstari. Nyuma yake mke wangu, fundi cherehani, dada wa fundi cherehani, mwuza dawa na wauguzi wawili waliotoka zamu. Vichwa saba. Saa tano na nusu vyote vilikuwa vimepakwa, vimefanana kama vyungu vinavyosubiri tanuru. Wanapiga soga. Mama mkwe akaniuliza toka mbali ninamchimbia nani.

Saa sita kasorobo sululu ikalipata bomba. Lilikuwa zima.

Nasema lilikuwa.

Maji yalipanda mpaka ukingo wa paa. Bomba lenyewe lilikuwa la upande wa barabarani, kabla ya mita, ambako mita haihesabu hata tone (hilo nimelikumbuka baadaye), kwa hiyo kulifunga ni kufunga valvu ya mtaa mzima. Ufunguo wa valvu ninao, ni wa kazini. Nikafunga. Sikuwa na akili ya kufikiri zaidi ya hapo, nilikuwa nimelowa mpaka soksi.

Kisha shemeji akafungua bomba la uani. Likakohoa mara moja.

Hakukuwa na tone kwetu, hakukuwa na tone kwa fundi cherehani, hakukuwa na tone nyumba ishirini na sita. Na jua lile. Nilisimama na ufunguo mkononi nikitazama udongo ukibadilika rangi, kutoka kahawia kwenda kijivu, kichwa baada ya kichwa. Dada wa fundi cherehani alijaribu kukunja uso ukagoma. Mke wangu alinitazama bila kupepesa, na sina hakika kama ni hasira au alikuwa hawezi.

Mama mkwe akaniita karibu. Aliongea kwa midomo tu, paji la uso halikusogea.

"Mkwe," akasema, "mimi nilikupa binti yangu. Kichwa changu sikukupa."

Wakatoka kwa mguu, mmoja nyuma ya mwingine, shemeji mbele na taulo kama bendera, mpaka saluni ya barabara ya pili, ambako maji yanatoka bomba jingine. Mtaa mzima ulitoka nje kuangalia. Mwenye saluni aliwaosha kwa shampuu. Mara tatu kila kichwa.

Mimi nilibaki na shimo, na kiti changu cha mkono kilichoganda udongo. Binti akatoka na ubao wake, akauweka katikati ya sebule tupu, akasoma saa nne mfululizo bila kumpisha mtu. Nilipochungulia alinionesha kwa kidole nifunge mlango.

Jumatatu, 16 Juni

Barua ya onyo. Aya mbili. Chombo kilichopasua bomba kimetajwa kwa jina: sululu. Wangeweza kunistahi wakaandika zana. Msimamizi aliniuliza kama nilipata huo uvujaji niliokuwa nautafuta. Nikamjibu kuwa niliupata saa sita kasorobo.

Jumatano, 18 Juni

Shemeji anahama!!

Niliposikia nilishika mlango. Mwenye saluni, alipoung'oa ule udongo, aliziona nywele zilizokuwa chini yake. Akazishika, akanusa, akauliza ni nani mwenye mkono huu. Amempa shemeji kiti saluni, na chumba cha nyuma cha kulala. Begi limefungwa kwa dakika kumi. Miezi kumi na minne, dakika kumi.

Alinikumbatia mlangoni akilia. "Shemeji, umenitoa mbali," akasema. Na mimi nililia, kila mtu na sababu zake. Mpango wangu ulihitaji siku kumi na moja tu na bomba moja. Waliocheka waje sasa.

Nikamkabidhi Binti chumba. Akauliza ni hakika? Nikampa kwa maandishi, ya pili hii.

Jumamosi, 21 Juni

Nilikuwa kitandani nasikia vyuma vinagongana. Nikadhani mafundi wa bomba.

Mama mkwe. Amekuja na kitanda chake. Kinaungwa chumba kidogo.

Mke wangu amenieleza huku akikaza skrubu. Nywele za mama yake, kati ya vichwa vyote saba, ndizo zilizokatika zilipong'olewa udongo, sasa zinataka kutunzwa saluni kila baada ya siku tatu, mkono wa mwanawe tu, na kwake ni mbali. Ni kwa muda. Nikauliza muda gani. Akasema mpaka ziote. Nilimtazama mama mkwe kichwani. Nimeona viganja vyenye nywele nyingi kuliko hizo.

Binti ameuchukua ubao, ameurudisha ushorobani. Mitihani keshokutwa. Nikamfuata kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye mstari aliofikia.

"Baba," akasema, "usipange kitu kingine. Nitafaulu hivi hivi."

Nimeyatafakari maneno hayo saa nzima. Nimeona mtoto amechoka, ndiyo maana anaongea hivyo. Anahitaji chumba.

Kwa hiyo kuanzia kesho nyumba hii haitumii sukari. Kwa afya ya wote. Mama mtu mzima, chai kavu asubuhi, chai kavu jioni, siku tatu hazifiki atakuwa anafungua kitanda. Kopo nimeshalipandisha darini. Ngazi imeteleza kidogo, goti si kitu. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimeanza kwa kumjulisha mke wangu faraghani, asije akaniuliza mbele za watu kama naumwa.

Amesema mama yake aliacha sukari miaka tisa iliyopita.